Google Scholar, Scopus, Web of Science au PubMed na iCite: rekodi ya mtafiti wa tiba uitoe wapi?

Fomu ya kupandishwa cheo ina kisanduku kinachotaka "idadi ya nukuu na fahirisi ya h". Haisemi zitoke wapi. Mfadhili naye anataka orodha ya machapisho, mkuu wa idara anataka namba ya kuweka kwenye ripoti ya mwaka, na mwanafunzi wa uzamivu anayetafuta msimamizi anachungulia mtandaoni ajue nani anachapisha na nani aliacha siku nyingi. Kwa mtafiti wa hospitali ya KCMC au kituo cha utafiti cha KCRI pale Moshi, wa hospitali ya Kibong'oto kule Siha, au wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, milango ya kupitia ni minne: Google Scholar, Scopus, Web of Science, na PubMed ikiambatana na iCite, chombo kinachohesabu nukuu za makala za PubMed. Kila mlango una namba yake, na namba hizo hazilingani hata zikichukuliwa zote asubuhi ileile.

Sababu ni kwamba kila kanzidata huhesabu nukuu zinazotoka kwenye hati ilizonazo yenyewe. Tasnifu ya uzamili iliyowekwa kwenye hazina ya chuo ikikunukuu, Google Scholar itaiona na Web of Science haitaiona. Kwa hiyo namba isiyotajwa chanzo na tarehe haimsaidii msomaji. Andika "h = 9, Scopus, 14 Machi 2025", na ubishi mwingi wa vikaoni utaisha hapohapo.

## Hesabu yenyewe kwanza

Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa mara nyingi zaidi, zipe namba za mistari, kisha shuka. Mstari wa mwisho ambao idadi ya nukuu bado haijawa chini ya namba ya mstari ndio h yako. Tuchukue rekodi ya kubuni yenye makala nane, mbili kati yake zikiwa kwenye majarida ya hapa nyumbani ambayo hayamo Scopus:

| Mstari | Google Scholar | Scopus | Web of Science |
|---|---|---|---|
| 1 | 41 | 30 | 27 |
| 2 | 22 | 17 | 15 |
| 3 | 15 | 11 | 10 |
| 4 | 9 | 6 | 5 |
| 5 | 6 | 3 | 2 |
| 6 | 5 | 2 | haimo |
| 7 | 2 | haimo | haimo |
| 8 | 0 | haimo | haimo |

Google Scholar: mstari wa tano una nukuu 6, unapita, wa sita una 5, umekwama. h ni 5. Scopus inakwama kwenye mstari wa tano wenye nukuu 3, hivyo h ni 4, na Web of Science ni vivyo hivyo. Jumla za nukuu ni 100, 69 na 59. Jumla zimepishana sana ilhali h imesogea kwa moja tu, kwa sababu h haijali kama makala ya kwanza ina nukuu 41 au 4,100. Aliyeandika makala moja iliyobadilisha tiba na nyingine tatu za kawaida hatavuka h ya 4 hata dunia nzima imnukuu. Pia h haishuki kwa kupita kwa miaka, hivyo mstaafu ambaye hajaandika kitu kwa miaka kumi anaweza kumzidi kijana anayechapisha kila mwaka.

## Tunachopima

Kila mlango tumeuangalia kwa mambo yaleyale: inakusanya nini, inafikiwa kwa gharama gani, inashughulikiaje majina, inatoa vipimo gani, inahitaji matunzo kiasi gani, na inamfaa nani. Pale ambapo jambo halina mengi, tumelipitia haraka.

## Majina yetu, kabla ya chochote

Kanda ya Kaskazini ina tatizo lake. Majina ya ukoo yanajirudia: Mosha, Massawe, Lyimo, Kimaro, Swai, Shayo na Temu upande wa Kilimanjaro, Mollel, Laizer, Kaaya na Pallangyo upande wa Arusha na Meru. Jarida likifupisha jina la kwanza kuwa herufi moja, "J. Mosha" wa malaria, "J. Mosha" wa afya ya uzazi na "J. Mosha" wa uhandisi wa maji wanakuwa mtu mmoja machoni pa kompyuta. Kinyume chake hutokea pia: mtu mmoja anagawanyika watatu kwa sababu makala moja ina jina la katikati, nyingine haina, na ya tatu imeandikwa kwa jina la mume.

Jina la taasisi nalo linayumba. Hospitali, chuo na kituo cha utafiti vya KCMC vimo katika eneo moja, lakini kwenye makala utakuta "Kilimanjaro Christian Medical Centre", "KCMC", "KCMUCo", "KCRI", "KCMC University", na kwenye makala za zamani "Tumaini University". Programu inayotumia taasisi kama kidokezo cha kumtambua mwandishi inaona ajira sita.

Dawa ni ORCID, namba ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa Oktoba 2012, bure kwa mtafiti. ORCID haihesabu nukuu, ndiyo maana haimo kwenye ulinganisho huu; ni msingi wa milango yote minne. Ukijisajili, weka barua pepe mbili, ya kazini na ya binafsi, maana ya kazini hufa siku unapohama. Ingiza majina yote uliyowahi kuchapisha nayo kwenye sehemu ya majina mengine. Ruhusu Crossref, shirika ambako majarida husajili makala zake, kuongeza makala mpya moja kwa moja. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, hakikisha namba hiyo inaingizwa wakati makala inawasilishwa jaridani. Kama anayewasilisha ni mwenzako wa London au Durham, mtumie ORCID yako pamoja na jina kamili la taasisi kwa maandishi, vinginevyo ataandika anavyokumbuka.

## Google Scholar

Inakusanya nini. Karibu kila kitu: majarida, tasnifu, vitabu, ripoti, makala za awali ambazo hazijapitiwa na wanataaluma, majarida ya Afrika yaliyoko kwenye tovuti ya AJOL. Ulinganisho mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliopitia nukuu zaidi ya milioni 2.4 za makala 2,299 zilizonukuliwa sana, ulikuta Google Scholar ikinasa asilimia 93 hadi 96 ya nukuu zote katika kila eneo la elimu, Scopus asilimia 35 hadi 77, na Web of Science asilimia 27 hadi 73. Nusu hivi ya zile zilizoonekana Google Scholar peke yake hazikutoka kwenye majarida. Kwa anayeandika kuhusu huduma za afya wilayani, na ambaye wasomaji wake wengi ni wanafunzi wa uzamili wa Tanzania, Kenya na Uganda, hapa ndipo nukuu zake zilipo.

Kuifikia. Bure kwa yeyote.

Majina. Hapa pana hatari. Ukifungua wasifu, mfumo unakuletea mafungu ya makala na kukuuliza kama ni zako. Ukikubali fungu zima kwa haraka unabeba na za Mosha mwingine. Baya zaidi, mfumo ukiachwa uongeze makala wenyewe, utaendelea kukupachikia za watu huku umelala, na atakayeziona wa kwanza ni mjumbe wa kamati. Nenda kwenye mipangilio ya masasisho, chagua kutumiwa barua pepe kabla ya badiliko lolote. Huenda ndiyo mibofyo yenye faida kuliko yote katika ukurasa huu.

Vipimo. Jumla ya nukuu, fahirisi ya h, na i10, yaani idadi ya makala zilizonukuliwa angalau mara 10. Kwenye mfano wetu wa juu i10 ni 3. Kila kipimo kina safu mbili, ya tangu mwanzo na ya miaka mitano ya karibuni. Ya pili ndiyo inayoonyesha kama mtu bado yuko kazini.

Matunzo. Ingia kwa Gmail yako binafsi, lakini thibitisha kwa barua pepe ya taasisi. Bila uthibitisho huo wasifu wako hautokei mtu akikutafuta. Makala ileile ikitokea mara mbili, tuseme toleo la awali la medRxiv na lile la jaridani, weka alama zote mbili kisha bofya kitufe cha kuunganisha. Ukiziacha zimetengana, nukuu 14 zinagawanyika 8 na 6, i10 inapungua, na h pia huenda ikashuka. Nyota ndogo pembeni ya idadi ya nukuu ni onyo kwamba kuna hati zilizounganishwa ambazo huenda si makala yako; ibofye uone.

Hakuna anayechuja kinachoingia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, walitunga hati sita za mwandishi asiyekuwepo, kila moja ikinukuu makala 129 za kundi lao, wakazipakia kwenye tovuti ya chuo. Google Scholar iliongeza nukuu 774. Ndiyo maana kamati makini haiishii kwenye jumla: hubofya na kuangalia nani ananukuu.

Inamfaa mtafiti anayeanza, mwenye machapisho mengi kwenye majarida ya kanda, na anayetaka kuonekana haraka.

## Scopus

Inakusanya nini. Ni kanzidata ya Elsevier, iliyoanza mwaka 2004. Majarida huchujwa na bodi ya wataalamu, na yanayoharibika huondolewa, ingawa makala zilizokwisha kuingia kwa kawaida hubaki. Majarida yote ya MEDLINE, fahirisi ya Marekani ya majarida ya tiba, yamo, hivyo kwa tiba uwanja wake ni mpana. Marejeo ya makala yamehesabiwa kuanzia za mwaka 1970; mwenye nukuu zilizotolewa kabla ya hapo asitegemee kuziona.

Kuifikia. Kuna tabaka mbili. Bila usajili wowote wa kulipia unaweza kumtafuta mwandishi kwa jina na kuona idadi ya hati zake, jumla ya nukuu na h, na pia kukagua orodha ya vyanzo ili kujua kama jarida limo. Uchambuzi wa ndani, ukiwemo wa kuondoa nukuu za mtu kujinukuu mwenyewe, unahitaji taasisi iwe na haki ya kuingia. Taasisi za Tanzania zilizosajiliwa Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo machapisho bure au kwa bei nafuu, uliokua kutoka HINARI ya mwaka 2002, zinaweza kuipata kupitia huko. Muulize mkutubi kabla ya kuamua kwamba haipatikani. Mara nyingi nywila ipo, ila hakuna anayeiomba.

Majina. Kila mwandishi hupewa namba na kompyuta bila kuomba. Kosa la kawaida ni kugawanywa: hati 11 kwenye wasifu mmoja, 3 kwenye mwingine, 1 kwenye wa tatu. Jitafute kwa kila namna jina lako linavyoweza kuandikwa, weka alama kwenye wasifu zote zilizo zako, kisha tuma ombi la kuziunganisha kwa njia ya marekebisho ya mwandishi. Huhitaji usajili wa kulipia kwa hilo, lakini majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usingoje wiki ya kufunga maombi. Ukimaliza, unganisha na ORCID. Orodha iliyosafishwa Scopus inaweza kusukumwa kwenda ORCID kwa mibofyo michache.

Vipimo. h, jumla ya nukuu, na kile kinachoipa Scopus uzito hasa: kipimo cha nukuu kilichorekebishwa kwa fani, mwaka na aina ya hati. 1.00 ni wastani wa dunia, 1.50 ni asilimia 50 juu ya wastani. Kwa mtafiti wa magonjwa yasiyo na wasomaji wengi, tuseme bruselosi kwa wafugaji wa Monduli, ndicho kipimo cha haki zaidi, maana hakimshindanishi na watu wa saratani. Udhaifu wake ni kwamba kwa mtu mwenye makala chache wastani huo hupeperushwa na makala moja. Mwenye hati sita asiuandike bila kusema ni sita.

Matunzo. Kidogo. Ukisharekebisha, pitia mara moja au mbili kwa mwaka.

Inamfaa anayeomba cheo mahali ambapo mwongozo unataja Scopus, na mkuu wa kitengo anayelinganisha watu wa fani tofauti.

## Web of Science

Inakusanya nini. Chimbuko lake ni fahirisi ya nukuu za kisayansi ya Eugene Garfield, iliyotoka mwaka 1964. Leo inamilikiwa na Clarivate. Uchujaji wake ni mkali, na majarida ya Afrika Mashariki yaliyomo ni machache. Tangu 2015 kumekuwa na fahirisi ya majarida yanayochipukia, na hiyo imepanua mlango kidogo.

Kuifikia. Kufungua wasifu na kudai makala zako ni bure. Kutafuta ndani ya kanzidata kunahitaji usajili wa taasisi. Tena kuna mtego ambao watu wengi hawaujui: hesabu hutegemea sehemu na miaka ambayo taasisi imelipia. Mwenzako aliye chuo cha Ulaya akikutazama anaweza kukuta h 11, wewe ukatazama na kukuta 9, na wote mko sahihi.

Majina. Ni afadhali kidogo kuliko Scopus, kwa kuwa mwandishi anaweza kudai wasifu na kuuthibitisha mwenyewe.

Vipimo. Mbali na h, wasifu unaonyesha ni sehemu gani ya makala zako ulikuwa mwandishi wa kwanza, wa mwisho, au wa mawasiliano. Hiyo kwa utafiti wa tiba ni habari nzito kuliko h yenyewe. Pia una mahali pa kuhifadhi kumbukumbu za makala za wengine ulizozipitia, kazi iliyokuwa ya tovuti ya Publons kabla ya kuunganishwa mwaka 2022.

Hapa pia ndipo nyumbani kwa kigezo cha athari cha jarida, ile impakti fakta inayotajwa kila kikao: nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, zikigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Ni kipimo cha jarida. Kuziongeza impakti fakta za majarida yote uliyochapisha na kuandika jumla kwenye wasifu, kama baadhi ya watu wanavyofanya, ni hesabu isiyo na jibu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, DORA, liliandikwa kupinga kumpima mtafiti kwa namba ya jarida, na baadhi ya wafadhili wakubwa wa utafiti wa afya, Wellcome wakiwemo, wamelitia saini.

Matunzo. Kama Scopus.

Inamfaa anayeomba nafasi au ufadhili wa pamoja na vyuo vinavyoitumia, na mhakiki anayetaka sifa ya uhakiki wake ionekane.

## PubMed na iCite

Inakusanya nini. PubMed, iliyofunguliwa mwaka 1996, ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na ina rekodi zaidi ya milioni 35 za tiba na sayansi ya viumbe. Makala ya uchumi wa afya kwenye jarida la uchumi inaweza isiwemo. Tena, kuwemo PubMed si cheti cha ubora. Makala za majarida yenye mashaka huingia pia kupitia hazina ya makala kamili.

Kuifikia. Yote mawili ni bure kabisa, bila nywila ya maktaba.

Majina. Majina kamili ya waandishi yalianza kuwekwa mwaka 2002. Kabla ya hapo ni herufi za mwanzo tu. Ukitafuta "Mosha J" utapata umati. Njia safi ni kutafuta kwa namba ya ORCID ikifuatiwa na [auid], lakini itakuletea zile tu ambazo jarida lilipeleka namba hiyo. Zilizobaki uziongeze kwa mkono kwenye bibliografia yako ndani ya akaunti ya NCBI, kitengo cha maktaba hiyo kinachoendesha PubMed, ambayo siku hizi unaingia kwa Google au kwa ORCID yenyewe.

Vipimo. PubMed peke yake haikupi h. Chukua namba za PMID, yaani namba za rekodi za PubMed, za makala zako, zibandike kwenye iCite, na utapata nukuu kwa mwaka pamoja na uwiano wa nukuu uliorekebishwa kwa fani, uliochapishwa mwaka 2016. Hapo 1.0 ni makala ya katikati miongoni mwa zilizofadhiliwa na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Kupata 1.0 kwa utafiti uliofanyika Moshi bila fedha hizo si haba. Makala mpya sana huwa bado hazina uwiano, kwa hiyo safu tupu isikutie hofu.

Kwa daktari mtafiti, uzuri wa iCite uko kwenye safu inayoonyesha kama makala imenukuliwa na makala za kitabibu, yakiwemo majaribio na miongozo ya tiba. Mfano, makala ya 2013 katika PLoS Neglected Tropical Diseases kuhusu wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi: 528 walitambuliwa na waganga kuwa na malaria, ambao homa yao ilitokana nayo kweli ni 14. Anayetaka kueleza uzito wa kazi ya aina hiyo anahitaji kuonyesha kwamba waganga wanaitumia, na jumla ya nukuu haisemi hilo.

Matunzo. Kazi kubwa ni ya mara ya kwanza. Orodha ya PMID ihifadhi kwenye faili moja la maandishi. Mwaka ujao unaongeza mistari na kubandika upya.

Inamfaa mtafiti wa kliniki, na anayeandaa maombi ya NIH.

## Yanayopotosha kote

Idadi ya waandishi haiingii kwenye h. Makala za mzigo wa magonjwa duniani zina mamia ya waandishi na hunukuliwa maelfu ya mara. Mtu aliyemo kwenye orodha za kumi kati yake ana h ya 10 tayari kabla hatujaona kazi yake nyingine. Si kosa lake, lakini msomaji wa rekodi apewe mstari mmoja wa ziada: ni ngapi ulikuwa wa kwanza au wa mwisho.

Kuna athari isiyopita kwenye nukuu. Jaribio la vyandarua lililofanyika Misungwi, Mwanza, likishirikisha watafiti wa chuo cha KCMC, lilitoka katika Lancet mwaka 2022. Machi 2023 WHO ilipendekeza vyandarua vyenye klofenapiri, dawa ya kuua mbu. Pendekezo la namna hiyo kwenye Scopus linaweza kuonekana kama nukuu moja, au lisionekane kabisa. Liandike kwa maneno, na uweke kiungo cha mwongozo husika.

Fani nazo hazilingani. Daktari wa upasuaji wa watoto na mtaalamu wa VVU wenye bidii sawa hawatakuwa na h sawa, kwa kuwa wanaowasoma hawalingani kwa wingi.

## Kulingana na hali yako

Unaomba cheo chuoni: soma mwongozo wa chuo kwanza. Ukitaja chanzo, tumia hicho tu. Usipotaja, weka Scopus na Google Scholar kando kwa kando, kila moja na tarehe yake, na orodha ikionyesha nafasi yako ya uandishi. Makala za majarida ya nyumbani zisizomo Scopus ziorodheshe kwa fungu lake badala ya kuzichanganya na nyingine. Mjumbe akizigundua mwenyewe ataanza kutilia shaka hata zilizomo.

Unaomba NIH: kinachotakiwa ni machapisho machache uliyoyateua na mchango wako, si h. Tengeneza bibliografia ya NCBI, na iCite iwe ya kukusaidia kuteua. Kwa wafadhili walioridhia DORA, impakti fakta iache nje kabisa.

Una makala moja hadi nne na umemaliza uzamili juzi: ORCID na Google Scholar zinatosha. h ya 1 au 2 haimwambii mtu chochote, afadhali usiiandike. Eleza makala, na ulichofanya ndani yake.

Wewe ni muuguzi au daktari wa Mount Meru au hospitali ya wilaya, unachapisha mara moja moja pamoja na timu: ORCID, kisha PubMed. Mengine yatakula muda ulio nao kidogo.

Unaongoza idara na unataka kulinganisha watu: usitumie h ya Google Scholar. Tumia kipimo cha Scopus kilichorekebishwa kwa fani au uwiano wa iCite, kwa kipindi kimoja cha miaka mitano kwa wote, na umpe kila mtu orodha yake aisahihishe kabla ya kikao. Likizo ya uzazi na miaka ya masomo viandikwe pembeni ya jina.

Unamtafuta msimamizi wa uzamivu: fungua Google Scholar, panga makala kwa mwaka badala ya nukuu, uangalie tatu za juu. Kisha tazama waandishi wa kwanza wa makala hizo. Kama ni wanafunzi wake, anawapa nafasi. Kama jina la kwanza ni lake kila mara, muulize kabla hujasaini.

Maombi yanafungwa kesho na hujaandaa lolote: acha kuunganisha wasifu za Scopus, hazitawahi. Funga masasisho ya moja kwa moja ya Google Scholar, futa makala za watu, unganisha zilizojirudia, piga picha ya skrini yenye tarehe, na ujaze kisanduku kwa namba hiyo ukitaja imetoka Google Scholar.